Waliohamishwa na vita, na tiketi ya kurudi

Siku ya Ijumaa, tarehe 1 Septemba 1939, Uingereza ikiwa bado haijatangaza vita, watoto wa shule wa London walipangwa foleni na walimu wao wakapelekwa stesheni za treni. Kila mmoja alifungiwa kikaratasi chenye jina lake kwenye koti. Begani alining'iniza boksi lenye kinyago cha kujikinga na gesi ya sumu, na mkononi alishika kifurushi kilichofungwa kwa kufuata orodha ya serikali: nguo za ndani za kubadili, soksi, mswaki, kitana, taulo, sabuni, vitambaa vya mkononi, chakula cha siku moja. Wengi hawakujua wanapelekwa wapi. Mama zao nao hawakujua. Mtoto akishafika ndipo angeandika postikadi. Katika siku chache tu watu kama milioni 1.5 walitolewa mijini: watoto wa shule, akina mama wenye wachanga, wajawazito, na walimu waliofuatana na madarasa yao.

Mimi ni mtu wa Malindi, lakini Malindi ya kuhamia. Wazazi wa mama yangu ni Wabajuni wa Lamu bara, ukanda ule wa pwani unaopanda kutoka Mkokoni mpaka Kiunga na mpaka wa Somalia, na walikuja huku wakati wa vita vya shifta, wale waasi waliotaka kaskazini mashariki ya Kenya ijiunge na Somalia. Kwa hiyo kila nikisoma habari za wale watoto wa London, akili yangu hukimbilia kwa watu wengine waliohamishwa na vita bila treni, bila orodha na bila kikaratasi kwenye koti. Tena kuna jambo ambalo wasimulizi wa Kiingereza hulipitia haraka kwa sababu kwao ni la kawaida: watoto wale walirudi. Si wote, na si vizuri kila mara, lakini palikuwa na pa kurudi, na serikali iliyowatoa ilijiona ina deni la kuwarudisha. Mie naona hapo ndipo pa kupimia. Kuwatoa watu kwenye hatari ni kazi kubwa, sikatai, ila hujajua kama umewaokoa au umewang'oa mpaka uone kama wanaweza kurudi.

Mpango wa Waingereza ulianza kuandaliwa mwaka 1938. Nchi iligawanywa mafungu matatu: sehemu za kutoa watu, sehemu za kupokea, na sehemu zitakazoachwa zilivyo. Kilichoogopwa ni ndege. Wakubwa waliamini kwamba mabomu yangeua maelfu kwa maelfu katika wiki za mwanzo na kwamba miji ingeingia wazimu. Basi maofisa wakapita vijiji vya kupokea nyumba kwa nyumba wakihesabu vyumba na vichwa, kila chumba mtu mmoja. Nyumba yenye vyumba vingi kuliko watu ikaandikwa kuwa ina nafasi. Mwenye nyumba hakuwa akiombwa hisani. Sheria ilimbana, na akikataa bila sababu angeshtakiwa. Alilipwa shilingi 10 na peni 6 kwa wiki kwa mtoto mmoja, na akichukua zaidi ya mmoja, shilingi 8 na peni 6 kwa kila kichwa.

Mahesabu hayo ni mazuri kwenye karatasi. Watoto waliposhuka, wamechoka na wengine wamejichafua safarini, walisimamishwa kwenye ukumbi wa kijiji na wenyeji wakaja kuchagua. Mkulima alitaka mvulana mwenye mabega. Mke wa mtu mzito alitaka msichana msafi asiye na kelele. Ndugu wa tumbo moja waliachanishwa kwa sababu nyumba ilikuwa na nafasi moja tu. Aliyebaki wa mwisho, labda yule aliyekataa kumwachia mdogo wake mkono, alizungushwa na ofisa mlango hadi mlango usiku ule mpaka apatikane wa kumpokea.

Baada ya wiki chache malalamiko makubwa ya wenyeji yalikuwa chawa na magodoro. Watoto walikuwa wakikojoa kitandani, hata wakubwa, na watu wa shamba wakasema hawa wa mjini hawakulelewa. Anna Freud, binti wa Sigmund Freud, ambaye pamoja na Dorothy Burlingham aliendesha vituo vya kulelea watoto huko Hampstead wakati wa vita, aliona vingine. Kwa aliyoyashuhudia yeye, mtoto mdogo aliyebaki London na mama yake, mabomu yakianguka, mara nyingi alistahimili kuliko yule aliyepelekwa mahali salama peke yake. Hofu ya mtoto hufuata uso wa mama. Mama akitulia, naye hutulia.

Mabomu yenyewe hayakuja upesi. Miezi ikapita kimya, na ilipofika Januari 1940 takriban nusu ya waliohamishwa walikuwa wamesharudi. Hakuna aliyewarudisha kwa amri. Mzazi alipanda basi siku ya Jumapili kwenda kumtazama mtoto, akamkuta amekonda au anaongea lafudhi ya wenyeji, akarudi naye. Serikali ilibandika mabango kuwasihi akina mama wawaache watoto huko huko, lakini wapi! Kisha tarehe 7 Septemba 1940 ndege za Wajerumani zikaja London, zikaja tena kesho yake, na tena, usiku 57 mfululizo, watoto wakapandishwa treni upya. Mwaka 1944 yalipoanza yale mabomu ya kuruka yenyewe, safari ikawa ya tatu. Watu walijaa na kupwa, lakini ufuo ulikuwa uleule. Vita vilipokwisha zikapangwa treni za kuwarudisha kwa orodha, na mwaka 1946 mpango ukafungwa rasmi. Kuna waliokuta nyumba zimebomolewa. Kuna waliokuta mzazi hayupo. Lakini hakuna aliyesimama mtaani kwao akaulizwa ana ushahidi gani kwamba alizaliwa pale.

Malindi nayo ilipigwa mabomu katika vita hivyohivyo. Oktoba 1940 ndege za Waitaliano, ambao wakati huo ndio waliokuwa wakiitawala Somalia ya kusini, zilikuja zikaangusha mabomu hapa. Miongo michache baadaye Waitaliano haohao walirudi na masanduku ya likizo, na leo hii muuza matunda anakutajia bei kwa Kiitaliano kabla hujafungua mdomo. Historia haina haya. Lakini vita vilivyowatoa watu wetu kwao vilikuwa vingine, na vilikuja Waingereza walipokwisha kufunga mizigo yao.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Haukupita mwezi, tarehe 28 Desemba, serikali ikatangaza hali ya hatari kaskazini mashariki, ambako wengi walitaka kujiunga na Somalia na baadhi walikuwa wameshika bunduki. Vita viliendelea mpaka makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi. Vitabu vya shule huviweka vita hivyo Garissa, Wajir, Mandera, Isiolo. Lamu hupata sentensi moja, tena ukiwa na bahati. Ila msitu wa Boni hauna ukuta. Vijiji vya Wabajuni vya upande wa bara, Ishakani, Kiunga, Rubu, Mambore, Mkokoni na vinginevyo, vina msitu mgongoni na bahari usoni, na kwa masimulizi ya kwetu wanakijiji waliishi kati ya mawe mawili ya kusagia: shifta wanakuja usiku wanataka chakula, askari wanakuja mchana wanataka kujua nani aliwapa. Watu wakaingia kwenye mashua.

Hapa ndipo hadithi yetu inapogeuka juu chini ukiiweka kando ya ile ya London. Kwao mji ndio wa hatari na shamba ndiko kwenye amani. Kwetu shamba ndilo lililoshika moto, wakakimbilia kisiwani na mjini, Ndau, Kizingitini, Faza, Amu (yaani Lamu yenyewe), Malindi, Mombasa. Ukuta wetu ni maji. Adui wa nchi kavu akitaka kukufuata lazima kwanza apate chombo.

Bibi hakuwa mtu wa kusimulia kwa kupanga. Ungesikia kipande leo akikuna nazi, kipande kingine mwezi ujao akimkaripia mtu. Lakini habari ya walichochukua aliikariri vilevile kila mara, kwa hiyo nina hakika nayo. Jungu moja, kibao cha mbuzi, mikeka, msahafu uliofungwa kwa kanga, na kibuyu cha mbegu za mtama kilichozibwa mdomo ili wadudu wasiingie. Kuku hawakushikika. Mbuzi wawili walipandishwa, mmoja akaruka majini na hawakusimama kumtafuta. Mlango wa nyumba ulifungwa kwa kufuli, na ufunguo ukapewa babu, naye akautia kwenye mfuko wa shati kama mtu anayekwenda Amu kwa siku mbili. Nimewaza sana juu ya kufuli lile. Mtu anayejua hatarudi hafungi mlango.

Kibuyu cha mbegu kiliishi miaka Malindi, juu ya kabati, kikipigwa jua kila msimu. Mama anasema mwaka mmoja mambo yalikuwa mabaya, samaki hakuna, na zile mbegu zikatwangwa zikapikwa uji. Hakulia mtu. Walikula.

Njia yao ilikuwa ya kupokezana kwa jamaa: Ndau kwanza, kisha Kizingitini kwa mjomba wa bibi, kisha jahazi mpaka Malindi, ambako kaka yake alikuwa akivua. Hapakuwa na ofisa wa kuhesabu vyumba. Nyumba ya mjomba ilikuwa ya vyumba viwili na ikajaa mpaka uani. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini kisiwani pale jembe lenyewe lingelima nini? Wabajuni wa kisiwa cha Pate tangu zamani mashamba yao makubwa ya mahindi, mtama, ufuta na pamba yalikuwa bara. Msimu ukifika walivuka, wakalima, wakakaa mpaka mavuno, wakarudi. Vita vilipofunga bara, mwenyeji na mgeni walipoteza shamba siku moja. Kinachoshangaza ni kwamba hata hivyo chungu kiliteremshwa na watu wote wakala.

Sitaki kulipamba jambo hili. Palikuwa na magomvi, hasa ya maji. Kisiwa cha Pate kinaishi kwa visima vya maji ya chumvichumvi na kwa jabia, yale mabirika ya kukinga mvua, na birika lililotosha mtaa mmoja halitoshi mitaa miwili. Bibi alikumbuka maneno aliyoambiwa na mwanamke mmoja pale jabiani, akiwa na ndoo mkononi, na mpaka uzeeni hakuyasamehe, wala hakukubali kutuambia yalikuwa maneno gani. Kule Malindi nako alianza kukaanga mahamri kabla ya alfajiri, kwa sababu nyumba ya kaka ilikuwa na mke, na mke wa kaka, hata awe malaika, ni mwenye nyumba.

Lakini mtoto hakupelekwa kwa mtu asiyemjua. Mama yangu na ndugu zake walilala ubavuni mwa mama yao safari nzima, na kila mlango waliofunguliwa ulikuwa na shangazi, mjomba au mke wa mjomba nyuma yake. Kwa kipimo cha Anna Freud wao ndio waliohamishwa vizuri kuliko wale wa London. Kwa kipimo cha ofisi, hawakuhamishwa kabisa. Hawakuandikwa popote. Mjomba hakulipwa shilingi 10 na peni 6, na kwa sababu hakulipwa, hakuna risiti. Kwa sababu hakuna risiti, hakuna orodha. Na kwa sababu hakuna orodha, hakuna karatasi hata moja inayosema kwamba mwaka fulani, watu fulani, wenye nyumba na kisima na mashamba mahali fulani, waliondoka kwa vita. Kile kikaratasi cha koti nilikuwa nikikionea huruma. Siku hizi nakionea wivu.

Zamani karatasi haikuhitajika. Kuvuka kukimbilia visiwani si jambo lililoanza na shifta. Karne ya 17 miji mingi ya Waswahili ya nchi kavu, tangu upande wa Mto Juba kuteremka huku kwetu, ilikuwa ikiachwa, na mashambulio ya Waoromo hutajwa kuwa sababu kubwa. Gede, kilomita chache kusini ya Malindi, nao uliachwa ukamezwa na msitu. Karne ya 19, hali ilipotulia, watu walirudi bara kidogokidogo, wakalima palepale, wakachimba visima vilevile. Ushahidi wao ulikuwa makaburi, misikiti na masimulizi. Watu wa Shela, kisiwani Amu, husema asili yao ni Takwa, mji wa kisiwa cha Manda ulioachwa mnamo mwisho wa karne ya 17 au karibu yake. Mpaka leo huvuka kwenda kuzuru lile kaburi lenye nguzo na kuomba mvua. Takwa haikuwahi kuwa tupu machoni pao, ingawa hakuna aliyelala pale kwa miaka 300.

Tatizo ni kwamba ofisi ya ardhi haizuru makaburi. Wakoloni walipoleta utaratibu wa hati hapa pwani, sheria ya 1908, ardhi iliyodaiwa kwa maandishi ikapata mwenyewe na iliyobaki ikawa ya serikali. Sehemu kubwa ya Lamu bara iliangukia kwenye iliyobaki. Watu walikuwa wakiilima bila bughudha kwa hiyo hawakuona hasara, mpaka walipoondoka. Baada ya vita ramani iliwaona kama hawakuwahi kuwepo. Miaka ya 1970 ulianzishwa mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta, Mpeketoni, kwa wasio na ardhi, wengi wao wakitoka mikoa ya mbali. Mwaka 1976 zikatangazwa hifadhi za Boni na Dodori. Mwaka 1979 hifadhi ya bahari ya Kiunga. Mwaka 2012 likawekwa jiwe la msingi la bandari ya LAPSSET, ule mradi mkubwa wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, na bei ya ardhi ambayo jana ilikuwa kichaka ikapanda mpaka watu wakaanza kukumbuka kwamba ina wenyewe. Sina ugomvi na kasa wala na tembo, wala na mtu asiye na shamba aliyepewa shamba. Kila uamuzi ukiutazama peke yake una hoja yake. Ukiutazama kutoka kwenye mlango uliofungwa kufuli, ni mlolongo wa watu wanaogawana nyumba ya mtu aliyetoka kwenda kukimbia risasi.

Wabajuni si watu pekee walioyapata haya. Mwaka 1940 Waingereza waliwatoa Gibraltar wanawake, watoto na wazee, watu kama 16,000, ili mwamba ule uwe ngome ya kijeshi. Wakapelekwa Moroko ya Wafaransa, Ufaransa iliposhindwa wakarudishwa, kisha wakasafirishwa tena, wengine Madeira, wengine Jamaika, na wengi wao, amini usiamini, London, wakafika mabomu yakianza. Vita vilikwisha 1945. Wa mwisho walirudi kwao mwaka 1951. Kilichowarudisha si huruma pekee: wanaume waliobaki Gibraltar waliunda chama chao mwaka 1942 wakadai familia zao, na hawakunyamaza. Tena majina yalikuwepo, ya kila mtu na kila nyumba.

Upande wa pili kuna Wapolandi wa Tengeru, karibu na Arusha. Wasovieti waliwachukua makwao 1940 na 1941 wakawatupa Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1942 baadhi wakatoka kupitia Iran, na maelfu wakaletwa Afrika Mashariki. Tengeru pekee ilipokea kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walijengewa vijumba vya duara vya kuezekwa kwa nyasi, wakawa na shule, kanisa, hospitali na mashamba. Hakuna aliyewapiga bomu tena. Lakini miji yao ya mashariki ya Poland ilikuwa imeingizwa ndani ya Muungano wa Kisovieti, kwa hiyo walipoambiwa vita vimekwisha, swali likawa warudi nchi gani. Wengi wakaishia Uingereza, Kanada na Australia, na makaburi yao yako Tengeru hadi leo yakitunzwa. Hao waliokolewa kwa kila hali, isipokuwa kwamba kwao palikuwa pameondolewa.

Usiku wa tarehe 15 Juni 2014, watu wakitazama Kombe la Dunia, washambuliaji waliingia Mpeketoni. Kwa usiku huo na uliofuata, pale na vijiji vya jirani, waliuawa watu zaidi ya 60. Zamu ikawa ya wale waliopewa mashamba miaka ya 1970, na ya watoto na wajukuu wao, kupakia magodoro kwenye malori. Tuliwaona wakipita Malindi. Kuna jirani yetu, naye ni Mbajuni, mama yake alikimbia pamoja na bibi yangu, aliyeniambia kwa sauti ya chini kwamba sasa na wao wamejua. Nilielewa uchungu wake na sikupenda maneno yake. Mtoto aliyekaa juu ya godoro lile hakumnyang'anya mtu kitu.

Mwaka uliofuata ilianza operesheni ya kijeshi ndani ya msitu wa Boni. Shule za wadi ya Basuba, ambako Waboni wenyewe huishi, zilifungwa kwa miaka. Watoto wengine wakapelekwa shule za bweni mbali na kwao, wengine hawakusoma kabisa. Uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku muda mrefu, na mvuvi wa kamba anayekatazwa usiku amekatazwa kazi. Tangu hapo kila baada ya muda kijiji fulani hushambuliwa, uwanja wa shule ya msingi hugeuka kambi, wakubwa huja na unga, maharagwe na blanketi, picha hupigwa, na watu huambiwa warudi majumbani kwa sababu usalama umeimarishwa. Au hawaambiwi kitu.

Mimi nikipewa nafasi ya kumwambia ofisa neno moja siku lori la unga linapofika, sitazungumzia unga. Nitamwambia: kabla hujagawa, andika. Huyu ni nani, ametoka wapi, shamba lake limepakana na nani, nani shahidi. Simu aliyo nayo mfukoni inaweza kuandika mpaka mahali penyewe, nukta kwa nukta. Muda huo majirani wote wako pamoja chini ya mwembe mmoja na kila mtu anakumbuka mpaka wa mwenzake. Baada ya miaka kumi mashahidi wanakuwa wametawanyika miji minne, na baada ya miaka sitini wamezikwa.

Kwetu ndiyo hiyo miaka sitini. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imefungua mlango mdogo: jamii ijisajili, ichague kamati ya watu 7 hadi 15, iandike wanachama wake, ieleze ardhi yake iko wapi. Jamaa zetu wa Kizingitini waliitisha mkutano, na sisi wa Malindi tukaenda, mabasi mpaka Mokowe na boti kutoka hapo. Ilikuwa jamvi lilelile la kula pamoja, mpaka ilipofika zamu ya kuandika majina.

Swali lilikuwa kama waliozaliwa Malindi na Mombasa wahesabiwe. Wenyeji wa kisiwani walikuwa na hoja. Wao hawakuacha kuvuka. Amani ikipatikana msimu mmoja walikwenda wakafyeka, wakalima, wakafukuzwa tena na risasi, wakarudi tena. Sisi tulikuwa wapi? Mzee mmoja mwenye daftari akakataa kuandika kwa kusikia tu. Akawa anamuuliza kila mtu maswali yake.

"Mwanangu, kisima chenu kiko upande gani wa msikiti?"

"Kibla, ami," akajibu mama mdogo kabla hajamaliza kuulizwa. "Ukingo wake una alama za kamba, tatu ndani sana na moja ya juujuu. Hiyo ya juujuu ni ya mke mdogo wa Bwana Imamu, alichota miaka miwili tu, kisha wakaachana."

Watu wakacheka. Mzee akaandika. Binamu yangu, kijana, alipoulizwa aliangalia simu, akaulizwa tena, akasema atampigia mama yake. Mzee akamwambia apige tu, atamsubiri, na kweli alimsubiri, kalamu mkononi, mpaka jibu likapatikana kwa spika mbele ya watu wote.

Orodha haijakamilika. Majina ya waliozaliwa bara yamepita yote, walio hai na waliofariki, bibi na babu wamo. Yetu sisi wa Malindi yamewekwa kando kwenye ukurasa wake, kila moja na alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu. Mama mdogo anataka kabla ya mkutano ujao tuvuke mpaka kijijini kwenyewe tupige picha kisima, lakini wenye boti wanasema kwa kusi hii hawapiti mlango wa Kiwayu, na ruhusa ya askari nayo haijajibiwa.